Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Mwanga wa Taka za Bahari

Kazi yangu ni kupima jinsi taka za plastiki za baharini zinavyoakisi mwanga, ili ijulikane kama setilaiti inaweza kuziona. Saa 2 asubuhi nawasha taa ya halojeni na kuiacha ipate moto. Mwanga wake usipotulia, vipimo vyote vitayumba. Spektromita yetu, kifaa kinachopima mwanga kwa kila urefu wa wimbi, husoma kuanzia nanomita 350 hadi 2500, ilhali jicho la binadamu hukomea karibu na 700.

Saa 3 napima bamba jeupe linaloakisi karibu mwanga wote. Uakisi wa kila kipande hupatikana kwa kulinganishwa na bamba hilo, kwa hiyo haligusiki kwa vidole.

Saa 4 ni zamu ya vipande vikavu: chupa, vifuniko, mabaki ya nyavu. Plastiki ya polietilini iwe ya buluu au nyekundu, mchoro wa uakisi wake hushuka kama bonde karibu na nanomita 1215 na 1732, kwa sababu vifungo vya kaboni na hidrojeni hufyonza mwanga hapo. Nyeusi ndiyo inayonisumbua: masizi yaliyotiwa ndani yake humeza karibu kila kitu.

Saa 6 natia vipande vile vile majini, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kikilowa tu, uakisi unashuka. Kikizama sentimita chache, lile bonde la 1732 halionekani tena, maana maji hufyonza infraredi, yaani mwanga ulio nje ya upeo wa jicho baada ya nyekundu, kwa nguvu sana. Unabaki mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao povu la mawimbi nalo huuakisi vizuri. Ndiyo maana siridhiki na vipimo vya plastiki mpya, safi na kavu. Baharini haimo plastiki ya namna hiyo.

Saa 8 napima vilivyoota mwani, bila kuviosha. Klorofili, rangi ya kijani ya mimea, inajichora wazi karibu na nanomita 670, na kipande kinaanza kufanana na mmea.

Saa 10 nakaa kwenye kompyuta. Pikseli ndogo kabisa ya Sentinel-2, setilaiti inayopiga picha za dunia, ni mita 10 kwa 10, na setilaiti hiyo haina bendi, yaani sehemu ya mwanga inayoisoma, kwenye 1215 wala 1732. Nachanganya mchoro wa plastiki na wa maji kwa viwango mbalimbali, nione plastiki inapotelea wapi.

Saa 11 jioni naandika maelezo ya kila faili: unene, kina, pembe ya taa, hali ya kulowa. Kesho nyavu zilizoota mwani zitapimwa tena, safari hii zikiwa zimezama.