Tarehe iliyo nyuma ya leseni yangu

Nilihamia Reading, Uingereza, nikiwa na leseni ya Tanzania niliyoitumia kwa miaka 9, na kwa miezi 12 ya mwanzo sheria iliniruhusu kuendesha nayo. Muda huo ulipokwisha ilinibidi nichukue leseni ya mwanafunzi, kisha nifanye mtihani wa nadharia na ule wa barabarani, sawasawa na kijana ambaye hajawahi kushika usukani. Nilifaulu tarehe 14 Machi 2022. Sikujua kwamba siku hiyohiyo nilikuwa nimeingia katika kipindi cha uangalizi cha miaka 2, ambacho dereva mpya akifikisha pointi 6 za adhabu za makosa ya barabarani hufutiwa leseni na kulazimika kurudia mitihani yote miwili. Miaka yangu ya kuendesha Dar es Salaam haikuhesabiwa hata siku moja.

Novemba mwaka huo kamera ilininasa nikienda maili 44 kwa saa mahali pa 30, nikalipa faini ya pauni 100 na kuandikiwa pointi 3. Shemeji yangu, aliyetangulia kuishi huku, ndiye aliyenieleza maana yake: "Shemeji, umebakiza kosa moja tu. Ukishika simu ukiwa unaendesha, hiyo peke yake ni pointi 6." Tangu siku hiyo simu yangu husafiri ndani ya buti.

Hofu kubwa zaidi ilinijia Oktoba 2023, nilipohama nyumba na kutumiwa kadi mpya yenye anwani mpya. Mbele, kwenye namba 4a, palisomeka Oktoba 2023, nami nikaamini kuwa miaka 2 imeanza kuhesabiwa upya. Siku hizo nilikuwa pia nikijaza fomu ya bima inayouliza umekuwa na leseni kamili kwa muda gani, na nilikaribia kuandika kuwa sijamaliza hata mwezi, jambo ambalo lingekuwa si kweli na lingeniongezea gharama.

Nilichukua kadi nikaisogeza chini ya taa ya jikoni, nikaigeuza. Nyuma kuna jedwali la maandishi madogo mno. Nikashuka na kidole hadi kwenye mstari wa daraja B, yaani la magari madogo, na katika safu ya 10 nikakuta 14.03.22. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa 4a ni siku kadi ilipotolewa, 4b ni mwisho wa kadi yenyewe, na safu ya 10 ndiyo inayoonyesha haki ya kuendesha daraja hilo ilipoanzia. Uangalizi huanzia siku ya kufaulu, nayo siku hiyo huhesabiwa ndani yake, kwa hiyo wangu ulikuwa unakwisha 13 Machi 2024. Linaloangaliwa ni siku kosa lilipotendeka, hata kama pointi zitaandikwa baadaye.

Kwenye fomu ya bima niliandika mwaka 1 na miezi 7. Pointi zangu 3 zingebaki kwenye kumbukumbu kwa miaka 4 tangu siku ya kosa, lakini asubuhi ya 14 Machi 2024 nilibandua karatasi ya tarehe niliyokuwa nimeibandika mlangoni pa friji.