Jinsi nilivyoipima sumu ya mdudu wa unga juu ya bakteria

Wazo la utafiti wangu wa mwaka wa mwisho lilitoka kwenye ndoo ya unga wa ngano. Shangazi yangu, anayeuza maandazi mjini Tanga, alikuwa ameisahau ndoo hiyo stoo kwa miezi kadhaa, na tulipoifungua tulikuta unga umegeuka rangi ya waridi iliyofifia, unanuka harufu kali na umejaa wadudu wadogo wekundu. Kilichomshangaza yeye ni kwamba haukuwa na ukungu hata kidogo. "Wadudu hawa wanautia dawa, mwanangu," aliniambia, nami nikaifikisha kauli hiyo kwa msimamizi wangu chuoni. Alinijibu kwamba unga mkavu hauoti ukungu hata usipokuwa na mdudu, kwa hiyo ndoo ile haikuthibitisha lolote. Ila kuhusu dawa, akasema, shangazi hakuwa mbali na ukweli.

Mdudu mwenyewe ni Tribolium castaneum, mbawakawa mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4. Akishakomaa huwa na jozi mbili za tezi, moja kifuani na nyingine karibu na ncha ya tumbo, na humo huhifadhi kemikali za jamii ya benzokwinoni, ambazo ndizo zinazoupa unga ile harufu na ile rangi. Benzokwinoni hushikamana na protini za viumbe hai na kuziharibu, na ndiyo maana kinga hiyo hiyo humkera mdudu anayetaka kumla na pia huwadhuru bakteria na kuvu. Yupo ndugu yake wa mbali, mbawakawa mlipuaji, ambaye huchanganya hidrokwinoni na peroksidi ya hidrojeni ndani ya mwili wake na kumrushia adui kioevu chenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Wa kwangu hana makeke hayo.

Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza: kupaka bakteria aina ya Bacillus subtilis juu ya agari, yaani ile jeli ya kuoteshea bakteria kwenye sahani za maabara, kulaza juu yake mbawakawa aliyegandishwa kwenye friza, kuacha sahani usiku kucha mahali penye joto, kisha kupima kwa rula ukanda mtupu unaobaki pale bakteria waliposhindwa kuota. Mdudu anapoyeyuka, kilichomo kwenye tezi huvuja na kusambaa ndani ya agari.

Jaribio la kwanza halikunipa kitu. Bakteria waliota mpaka kwenye miguu ya wadudu, na kwenye sahani chache yalitokea madoa ya vijidudu vingine vilivyokuja na vumbi la unga. Nilipoteza karibu wiki 2 nikiilaumu agari, kisha friza, kisha bakteria wenyewe, hadi siku niliyokuwa nachekecha unga ili kupata wadudu wapya nikagundua kwamba macho yananiwasha na vidole vyangu vimepata madoa ya kahawia. Sumu niliyokuwa naitafuta kwenye sahani ilikuwa imeishia kwenye chekeche na mikononi mwangu. Mdudu huyu huachia kinga yake anaposumbuliwa, nami nilikuwa nimewasumbua kwa kuwachekecha kwa nguvu na kuwatikisa kwenye chupa kabla ya kuwapima. Naona aibu kidogo kuandika haya, kwa sababu jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma na hata kulinakili kwenye daftari.

Nilianza upya. Wadudu niliwaweka kwenye unga safi kwa siku 10 bila kuwagusa, ili tezi zijae tena, kisha nikawaokota mmoja mmoja kwa brashi laini ya kuchorea na kuwatia moja kwa moja kwenye friza. Sahani nilizifunika mara tu baada ya kuwalaza, maana benzokwinoni hupotea hewani upesi. Asubuhi yake karibu kila mdudu alikuwa amezungukwa na ukanda mtupu wa milimita 2 hadi 4, na niliuangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Msimamizi hakufurahi kwa kasi yangu. Aliuliza nimejuaje kwamba ni tezi, wakati damu ya wadudu nayo ina protini zinazoua bakteria. Swali hilo ndilo lililoupa utafiti wangu maana. Nikaweka mabuu wa mdudu huyo huyo, ambao bado hawana tezi hizo, na bakteria wakaota hadi kuwagusa. Nikaweka pia waliotikiswa makusudi, ambao ukanda wao ulikuwa mwembamba au haukuwapo, na vipande vya karatasi vilivyochovywa katika benzokwinoni ya maabara, ambavyo vilitoa ukanda kama ule wa wadudu wenye tezi zilizojaa. Kwa bakteria aina ya Escherichia coli matokeo yangu yalikuwa hafifu, na niliyaandika hivyo hivyo yalivyo.

Nilipomwonyesha shangazi picha za sahani alifurahi kwamba hakuwa amekosea sana. Kisha akauliza kama basi ule unga wa ndoo unafaa kukaangia maandazi, kwa kuwa tayari una dawa. Nilimweleza kwamba kinachoharibu protini za bakteria hakibagui za kwetu, tukaenda pamoja kuumwaga.