Bia zenye msimu, na kwanini wanzuki ya Tabora inakaa nazo meza moja

Wadau wa bia habari zenu. Leo naongelea kitu nachokipenda kuliko vyote kwenye hii starehe yetu, zile bia ambazo huzipati mwaka mzima. Lager za kreti nazinywa na sina ugomvi nazo, Safari ya baridi baada ya jua la Tabora hakuna wa kuibishia, ila ladha yake unaijua kabla hata hujafungua kizibo. Mi naongelea pombe ambayo anayeitengeneza anasubiri mvua, au asali, au baridi, na ikiisha ndo imeisha mpaka mwakani.

Tuna kikundi chetu hapa, tunakutanaga jioni uani kwa mwenzetu mmoja huku Ipuli, kila mtu anakuja na alichokipata, kinamiminwa kidogo kidogo, tunaonja wote halafu ubishi unaanza. Yupo anayefanya kazi reli, akitoka Kigoma anabeba pombe ya ndizi, yupo dada mwenye ndugu zake Iringa, na yupo jamaa anayesafiri nje kikazi, huyo begi lake likifunguliwa nusu ni nguo nusu ni chupa zimevishwa soksi zisipasuke. Mi zamu yangu ni wanzuki siku zote, pombe yetu ya asali, na wanzuki nataka niielezee vizuri maana hata watu wa hapahapa wengi wanaijua kwa juujuu tu.

Asali yetu inatoka miomboni, Sikonge, Urambo, Kaliua huko, na nyingi bado ni ya mizinga ya magome inayopandishwa juu ya miti. Mvua zikishakata warina asali wanaingia porini na hapo ndo msimu wa wanzuki ya ukweli unapoanza. Asali ikiwa nzito haichachi hata uiache mwaka, maji yake hayafiki asilimia 20, chachu inashindwa kufanya kazi, mpaka uizimue kwa maji ndo inaamka. Halafu asali ina sukari tele ila vyakula vingine ambavyo chachu inavihitaji ni kidogo sana, ndo maana ile iliyochujwa ikang'aa kama ya dukani inachacha kwa kusuasua. Sasa mama nayenunua kwake mimi (ukifika asubuhi unaanza na mwangaluka mayo, unakaa, bei baadae) yeye anachukua masega yaliyokwishakamuliwa, bado yana asali na chavua, anayaloweka kwenye ndoo kubwa anayafikicha kwa mkono mpaka maji yanakuwa ya kahawia, nta inaelea juu anaiengua anaiweka pembeni, haitupi. Ile chavua iliyobaki ndo inayolisha chachu. Kisha anaongeza asali yenyewe, na mwisho anamimina machicha ya pombe iliyopita, hiyo ndo hamira yake. Siku inayofuata ukiinama kwenye ndoo unaisikia inachemka yenyewe bila moto.

Siku hizi sehemu nyingi wanzuki ni sukari, hamira ya mandazi na maji, asali inapitishwa tu ipate harufu. Najua asali imepanda bei na watu wanatafuta riziki, silaumu mtu, ila naumia kwa sababu kijana anaonja ile anasema kumbe ndo wanzuki, haina kitu. Ya sukari inakukata ulimini mara moja inapotea. Ya asali inakuja taratibu, inaanza utamu kidogo, uchachu unafuata, na mwishoni kabisa kuna moshi. Moshi ule unatoka porini, warina asali wanafukiza mzinga ndo nyuki watulie, na masega yanabaki na harufu yake.

Na hapo kwenye moshi ndo kulitokea mjadala mzuri sana kwenye kikundi chetu. Yule jamaa wa safari alikuja na chupa ya Schlenkerla, bia ya Bamberg kule Ujerumani, kimea chake kinakaushwa kwa moshi wa kuni, ukiinusa tu unafikiria samaki mkavu. Ukiwapa watu hii bila kuwaambia wengi wanakunja sura. Mzee mmoja wa kwetu alipoonja akanyamaza, akaomba aongezewe, akasema huyu naye kafukiza mzinga. Ile Schlenkerla inayojulikana zaidi ni ya aina ya Märzen, na Märzen ni bia ya msimu kwelikweli, jina lake ni mwezi wa tatu. Enzi hizo hakuna friji, bia iliyopikwa wakati wa joto ilikuwa inaharibika, ikafika mahali Bavaria mwaka 1553 ikatolewa amri kwamba hakuna kupika bia kuanzia Aprili 23 mpaka Septemba 29. Kwa hiyo mwezi wa tatu wanapika za mwisho, wanazipa nguvu kidogo zaidi, wanazihifadhi kwenye mapango na maandaki yenye ubaridi, zinanywewa joto lote hadi vuli, na zilizobaki zinamaliziwa hapo pipa zipate nafasi ya bia mpya.

Wabelgiji wa upande wa Brussels nao wana lambic, ile inapikwa miezi ya baridi tu kwa sababu baada ya kuchemshwa wanaiacha usiku kucha kwenye chombo kipana kilicho wazi, ipoe na ishike chachu inayoelea hewani, hawaweki hamira. Inakaa kwenye mapipa miaka, halafu wanachanganya ya mwaka mmoja, miwili na mitatu wanapata gueuze. Kali kama ndimu! Mi naipenda mno, wenzangu nusu waliikataa na sijachoka kuwashawishi.

Ulanzi ndo ulitupa shida kuufikisha. Unagemwa kwenye mianzi machipukizi wakati wa mvua, ukiwa mtogwa ni mtamu watoto wanaweza kuufurahia, ukilala unakuwa mkangafu, mwingine kabisa. Kutoka Iringa mpaka Tabora kwa basi tayari umebadilika, kwa hiyo sisi huku tunaujua mkangafu tu, mtogwa inabidi umfuate kwao. Na mnaosafirisha pombe inayochacha tafadhalini sana legezeni kifuniko cha dumu, gesi inajaa, na njia yetu ina matuta, ukikaza linavimba mpaka linapasuka ndani ya gari la watu.

Kitu kingine nachokisisitizaga kila tukikutana ni ubaridi. Tumezoea kuulizwa ya moto au ya baridi, na wengi wanataka ya baridi ile chupa inayotoa jasho. Kwa lager sawa. Wanzuki na hizi bia nzito ukizigandisha hivo harufu yote inalala, unakunywa ubaridi. Zitoe kwenye friji mapema, au weka chupa kwenye beseni la maji ya mtungi inatosha kabisa, mimina nusu glasi, nusa kwanza. Na anzeni na nyepesi, ya moshi iwe ya mwisho, maana ukishaionja ile ulimi haurudi leo.

Warina asali wa Sikonge wakianza kushuka na madumu nitaweka oda kwa mama, lita kadhaa za siku ya pili na nyingine za siku ya nne, nataka tuzionje zikiwa pamoja tuone wapi utamu unapopisha uchachu. Mwenye Märzen yoyote, au pombe ya ndizi ya Kasulu, au mbege iliyofika bado hai, aje nayo. Boda uache nyumbani, na uje umekula.