Jinsi Nilivyowashinda Mifupa katika Battle for Wesnoth

Kwa wiki nzima nilikwama kwenye pambano moja la Wesnoth, ule mchezo wa bure wa kompyuta wa kupeana zamu. Jeshi la mifupa lilikuwa likinifagia kila usiku ulipoingia mchezoni. Nilikuwa nanunua wapiga mikuki kwa wingi, kisa bei: dhahabu 14 tu kila mmoja. Rahisi kweli huwa ghali.

Siku moja, badala ya kukimbilia kubofya "shambulia", nikasoma maelezo ya adui. Kumbe mifupa hupunguza dhara la mkuki kwa asilimia 60! Na wanadamu wangu ni watu wa mchana: usiku nguvu zao hushuka asilimia 25, ilhali za mifupa hupanda kiasi hicho hicho. Mkuki wa dhara 7 ulikuwa unabaki na 2. Nilikuwa nawakuna tu.

Nikaanza upya. Safari hii nilinunua wachawi wa moto na askari wazito wenye rungu, maana moto na rungu huiumiza mifupa kupita kawaida. Jua likikaribia kuzama, narudisha kikosi vijijini, ambako kila majeruhi hupata uhai 8 kwa zamu. Askari wa rungu hutembea kama kobe, kwa hiyo wao nawarudisha mapema. Asubuhi tunatoka wote, wachawi wakipiga kwa karibu 10 kila pigo.

Siku ya pili ya mchezo, zamu ya tisa, kiongozi wao akaanguka. Mpiga mkuki nilimbakiza mmoja, wa kulinda kijiji.