Bagong haamkii wafalme

Mzee wa jirani pale Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, nilipokuwa nasoma, alimtahirisha mwanawe akaita dalang, mchezesha vikaragosi, acheze wayang, mchezo wa vivuli vya vikaragosi kwenye pazia, usiku kucha. Nilikaa upande wa vivuli. Mzee akaja akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya pazia, anakokaa dalang mwenyewe. "Huku utaona kazi," akaniambia.

Kweli kazi. Dalang amekunja miguu, kaibana nyundo ndogo ya mbao kwa vidole vya mguu wa kulia, anagonga vibati huku mikono yote miwili imeshika vikaragosi. Vikaragosi ni ngozi ya nyati iliyotobolewa matundu madogo madogo, na asivyovichezesha amevichomeka kwenye shina la mgomba lililolazwa chini ya pazia. Mgomba! Nilijisikia niko nyumbani.

Usiku wa manane mama wakaanza kuwaamsha watoto waliolala mikekani. Wametoka watumishi: Semar na wanawe Gareng, Petruk na Bagong. Kwenye Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindi ambamo wayang huchota visa vyake, hawa hawamo, Wajava wamewatia wenyewe. Na hapa nataka mnisikilize, maana ndipo siasa ilipo.

Kijava kina ngazi. Mkubwa husemeshwa kwa krama, lugha ya heshima. Mdogo kwa ngoko. Bagong, mtumishi mwenye tumbo na macho makodo, humsemesha mfalme kwa ngoko. Ni kama mtu aingie kwa babu yake bila shikamoo, aulize tu, "Vipi wewe?" Watu walicheka hadi machozi.

Sasa fikiria kicheko hicho baada ya 1830. Diponegoro, mwanamfalme wa Java aliyewapiga vita Waholanzi waliotawala kisiwa hicho, amekamatwa mjini Magelang baada ya vita vya miaka mitano vilivyoua Wajava wapatao 200,000, na wakulima wanalimishwa kahawa, miwa na nili za Mholanzi. Machifu wa Kijava ndio wanaowasimamia, na kwao lazima krama, tena kwa kuchuchumaa. Gazeti mkoloni angelifunga na mhariri akamtia ndani. Maneno ya Bagong hayakuandikwa popote. Dalang huyatunga palepale, na kukipambazuka yamekwisha.

Sidai kila mchezo ulikuwa wa kupinga. Wayang ilitukuzwa pia kwenye majumba ya wafalme walioishi kwa hisani ya Waholanzi. Lakini 1917, mjini Surabaya, likaanza vuguvugu la Djawa Dwipa la kutaka krama iachwe, watu wote wasemeshane ngoko. Mji huohuo kijana Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Indonesia, aliandika gazetini kwa jina la Bima. Kwa nini Bima? Wanaojua wayang wanamjua: ndiye shujaa wa Pandawa, wale ndugu watano wa Mahabharata, asiyemsemesha mtu krama, hata mfalme. Kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Alfajiri vikaragosi vikang'olewa mgombani, Bagong akalazwa sandukuni na wenzake. Mzee wa jirani akamwendea dalang, akainama, akamshukuru kwa krama safi.