Mkila na Kunywa vya Kwao

Neno: Luka 10:1–9

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii tunawaombea watu wa Khinalig, wafugaji wa kondoo kaskazini mwa Azerbaijan, karibu na mpaka wa Dagestan, jimbo la Urusi. Kijiji chao kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za mawe zimebanana mlimani hata paa la jirani wa chini ndio ua wa jirani wa juu. Kuni ni shida huko, kwa hiyo huchoma matofali ya samadi iliyokaushwa. Ni Waislamu wa Sunni, na wana lugha yao wenyewe, ingawa watoto husoma Kiazerbaijani shuleni. Kila vuli hushusha mifugo tambarare, mwendo wa kilomita 200 hivi, na majira ya joto hupanda nayo tena. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza njia hiyo, pamoja na kijiji, katika urithi wa dunia.

Tukisikia habari za watu kama hawa, upesi tunauliza nani atawapelekea Injili, na kwa mbinu gani. Naomba tukae kwanza na maagizo ya Bwana kwa wale sabini. Aliwakataza mfuko, mkoba na viatu. Aliwatuma wakiwa wahitaji! Iliwapasa kubisha hodi, kusema "Amani iwemo nyumbani humu", kisha kusubiri kukaribishwa. Wakikaribishwa, wakae nyumba iyo hiyo, "mkila na kunywa vya kwao". Angalieni mpangilio wa maneno: chakula cha mwenyeji kimetajwa mara mbili kabla Ufalme haujatajwa. Mjumbe anaanza kwa kupokea.

Sisi tuliokula pilau ya Idi kwa majirani tangu utotoni tunalijua hili. Anayekuja na magunia ya msaada ili watu wabadili dini hajaketi mezani pa mtu, amefungua duka. Wafugaji wale wana chai yao, mkate wao na jibini lao, na heshima yao ni kumkirimu mgeni. Tusiwanyang'anye heshima hiyo kwa jina la Yesu.

Tena sheria ya Azerbaijan inawakataza wageni kueneza dini. Basi mzigo huu wameubeba zaidi ndugu zetu Waazerbaijani wenyewe, kanisa dogo katika nchi ya Waislamu.

Wala Mungu hakuanza kuijua milima hii ya Kaukazi jana. Katika karne ya 4 ufalme wa Albania ya Kaukazi, katika eneo la Azerbaijan ya leo (si Albania ya Ulaya), ulipokea Ukristo, na Waudi, kabila dogo la kijiji cha Nij huko huko Azerbaijan, wanaushika hadi leo. Katika monasteri ya Mtakatifu Katherina, Sinai, zilionekana ngozi ambazo maandishi yake yalifutwa na juu yake pakaandikwa Kijojia, lugha ya nchi jirani ya Jojia. Mwaka 1996 mtaalamu Zaza Aleksidze alitambua kwamba maandishi ya chini ni ya Kialbania hicho cha kale, na ndani yake mna sehemu za Injili ya Yohana. Kwa hiyo tunawaombea watu ambao milima yao ilikwisha kusikia sifa za Kristo.

Tuombe: wachungaji wa kondoo walindwe njiani pamoja na mifugo yao, wagonjwa wa kijijini wapate matibabu wakati theluji imefunga barabara, waamini wa Azerbaijan wapewe ujasiri, upole na majirani wa kuwakaribisha chai. Na ye yote atakayebisha hodi kule kwa jina la Bwana, amani aitajayo mlangoni iwe ya kweli. Amina.