Nani Atapika Uji?

Kaka alipotoka chumba cha upasuaji pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, sisi ndugu tulikuwa na swali moja tu: ataamka lini? Sista wa wodini alikuwa na lake: nani atakuwa anapika?

Bodaboda ilikuwa imemtupa chini Mbagala, hana kofia. Damu ikavilia ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Waliitoa usiku uleule. Alipohamishiwa wodini alikuwa bado hajitambui, mpira mwembamba umepita puani hadi tumboni.

"Usimwone amelala ukadhani amepumzika," sista aliniambia. "Aliyeumia kichwa hivi, mwili wake unachoma chakula kuliko wako wewe uliyesimama. Tukichelewa kumlisha, utaanza kula misuli yake."

Basi mama akawa mtu wa kutwanga karanga. Uji wa ulezi, maziwa, karanga, mafuta kidogo. Vyote vinachujwa mara mbili, maana chenga moja tu inaziba mpira. Nikaubeba kwenye chupa ya chai na kupanda nao daladala.

Kulisha kwenyewe kulikuwa kazi ya subira. Sista aliinua kichwa cha kitanda, kama nyuzi 30 hivi, akavuta kwanza kwa bomba la sindano kuhakikisha mpira bado uko tumboni, akapitisha maji safi, ndipo akamimina uji. Hakusukuma, aliushika juu ukashuka wenyewe. Akamaliza kwa maji tena, na akakataza kitanda kisilazwe upesi. Kila baada ya saa mbili walimgeuza ubavu, wakikagua visigino na kiuno wasikute kidonda.

Shangazi alifika kutoka Morogoro na kijiko mkobani.

"Mwanangu, mtoto hajaonja kitu mdomoni tangu aumie. Mtamwua kwa njaa."

"Shikamoo mama," sista alimjibu. "Njaa hana. Kumeza ndiko hajaweza. Ukimpa kijiko hicho, uji utashukia kwenye mapafu."

Shangazi akanuna, akaenda kukaa kwenye benchi nje na kumwambia kila anayepita kwamba wanamnyima mtoto chakula. Sista hakubishana naye. Jioni alimwita, akampa shashi yenye maji: amsafishe kaka ulimi na midomo, kila siku, asubuhi na jioni. Kwangu mimi, huyo sista alikuwa mjanja kuliko madaktari wote wa jengo lile. Tangu hapo shangazi ndiye aliyetufukuza sisi tulioingia bila kunawa mikono.

Kaka alianza kufumbua macho, kisha kukamata kidole ukimwambia akamate. Sista akamkalisha wima, akamjaribu kwa kijiko kidogo cha maji. Alimeza, akakohoa. Akajaribiwa siku nyingine kwa uji mzito, akakohoa tena, ila kidogo. Mpira ukabaki puani, na mama akaendelea kutwanga.